Zamu ya Bedford

Nguzo ya mlango wa ghala ilikuwa pale pale ilipokuwa miaka yote, na Bonaventura aliigonga.

Hakuigonga kwa kishindo. Alikuwa akiitoa Peugeot ghalani Mtama, taratibu kama ada yake, uso umeelekea mbele, mara akasikia bati likikwaruzika upande wa kushoto, sauti ndefu ya mtu anayekwangua ukoko wa wali. Akakanyaga breki. Akageuza kichwa chote mpaka bega likafuata, ndipo akaiona nguzo, imesimama kiasi cha kuguswa.

Idd, fundi wa magari ya ghala lile, alikuwa nje na tambara la mafuta mkononi. Akaja, akainama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa madigadi.

"Umeisogelea mno, mzee."

"Usukani umelegea," alisema Bonaventura. "Uutazame."

Idd aliutazama siku ile ile. Haukuwa umelegea. Alisugua mkwaruzo, akapaka rangi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima hakulitia neno jambo hilo. Lakini toka hapo alianza kumwangalia mzee akiendesha, na mzee alianza kujua kwamba anaangaliwa.

Ukiuliza pale Mtama Bonaventura ni nani, utaambiwa ni dereva. Ukiuliza dereva wa gari gani, utaambiwa la Mzee Ahmadi, yaani yote. Alizaliwa kwa Wamwera wakulima wa korosho, upande wa Nyangao, akasoma kidogo kwa mapadri, na ndevu zilipoanza kuota akapata kazi ya utingo kwenye lori aina ya Bedford la Mzee Ahmadi, mfanyabiashara wa Lindi mjini. Siku hizo barabara ilikuwa mchanga na udongo mwekundu. Lori lilikodiwa kubeba korosho na ufuta kutoka Nyangamara na vijiji vya ndani, likarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Masika yakikolea lilizama mpaka kwenye ekseli, na kazi ya utingo ilikuwa kushuka na panga, kukata matawi, kuyatandika chini ya tairi, kusukuma, kula tope, kisha kuanza upya. Alijifunza kuendesha kwa kulisogeza lori uani wakati wa kuliosha. Siku dereva alipopatwa na homa katikati ya safari, Mzee Ahmadi alimtazama utingo wake kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia, "Haya, panda wewe." Akapanda, na hakushuka tena.

Mzee Ahmadi alikuwa na tabia moja ambayo wanawe waliiona ni ugonjwa. Hakuweza kuona gari likitupwa. Land Rover iliyochoka ya misheni aliinunua. Morris ya karani aliyestaafu aliinunua. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe aliikuta imegeuzwa banda la kuku, akawahamisha kuku na kuichukua. Yote aliyaweka katika ghala lake la korosho pale Mtama, akayafunika maturubai. Alipofariki, wanawe wa kiume walitaka kuyauza vyuma chakavu. Binti yao wa mwisho, Warda, ambaye alikuwa akifanya kazi ya ofisi Dar es Salaam, alirudi na kusema hapana. Alichukua kiwanja cha baba yake cha Mitwero, kando ya barabara ya kwendea Kilwa, akajenga ukumbi, akaandika mlangoni kwamba hapo ni makumbusho ya magari.

Ukumbi ulikuwa mdogo kuliko mali. Magari machache tu yalienea. Basi Warda akaweka zamu. Mwisho wa masika, na tena korosho zinapoanza kudondoka, magari yaliyokuwa Mitwero yalirudi Mtama kupumzika, na yaliyopumzika yakaja kuonwa. "Gari likikaa mahali pamoja linageuka kabati," alipenda kusema. Na kwa kuwa hakutaka yabebwe juu ya gari jingine kama maiti, yaliendeshwa. Aliyeyaendesha alikuwa Bonaventura, moja baada ya jingine, akirudishwa kila mara na pikapu ya Idd kuchukua lifuatalo. Siku ya zamu watu walitoka vibarazani kutazama. Wenye simu walipiga picha. Mzee alinyoosha mkono kidogo dirishani, wala hakutabasamu, maana alikuwa kazini.

Baada ya kugonga nguzo alijipa sababu nyingi. Jua lilimpiga usoni. Alikuwa na usingizi. Lakini akiwa nyumbani alianza kumimina chai pembeni ya kikombe, na njiani watu walimpita upande wa kushoto wakamsalimu naye akashtuka, maana sauti ilitoka mahali pasipo na mtu. Akaiacha baiskeli yake ukutani, akasema mnyororo umeoza.

Mwishowe alikwenda hospitali, akiwa amemuaga mkewe kwamba anakwenda Lindi kumtazama ndugu. Daktari wa macho, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimkalisha mbele ya chombo, akamfunika jicho moja, akampa kitufe. "Ukiona nukta ya mwanga, bonyeza." Bonaventura alikaa akisubiri nukta. Akaona moja, baadaye moja. Akasubiri sana.

"Mashine yenu nadhani imeharibika," alisema.

Daktari alimfunua jicho, akavuta kiti karibu. Akamweleza kwamba ni presha ya macho. Inakuja kimyakimya bila kuuma, inakula kuanzia pembeni. Jicho la kushoto limebaki na kidogo mno, la kulia nalo limeanza. Kilichokwenda hakirudi. Kuna dawa ya matone, ataitia kila siku maisha yake yote ili kilichobaki kisiende.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Nalima."

"Afadhali. Maana gari usingeweza."

Alirudi Mtama na kichupa mfukoni. Alimwambia mkewe ni dawa ya kuwashwa, kwa sababu ya moshi.

Mkewe aliitwa Yustina, na hakuwa mtu wa kudanganyika, ila alikuwa na subira. Alingoja. Asubuhi moja alikuwa uani akipepeta ufuta wa msimu uliopita, akaacha ungo, akaenda kusimama kwenye ukuta wa nyumba upande wa kushoto wa mlango, akatulia. Bonaventura akatoka. Akautazama ungo, akatazama kule jikoni.

"Mama Romana," aliita.

"Nipo hapa."

Alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, na kweli alimgusa, akamshika kiwiko. Mzee aliruka kama aliyekanyaga moto. Ndege wakashuka kwenye ufuta.

"Macho," alisema Yustina.

"Jicho moja."

"Umemwambia Warda?"

"Nitamwambia. Baada ya zamu hii."

Ni hapo sasa palipokuwa na mkwamo wake. Zamu iliyokuwa inakuja haikuwa kama nyingine. Bedford, lile lori aliloanzia kazi, lilikuwa halijawahi kufika Mitwero. Injini yake ilikuwa imekufa tangu uhai wa Mzee Ahmadi. Idd alikuwa amehangaika nalo mwaka mzima, akatafuta vipuri mpaka Masasi, na wiki chache nyuma lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka. Warda alilia aliposikia ule mngurumo kwenye simu. Alipanga siku, akaalika wazee wa Lindi waliofanya biashara na baba yake, akaagiza pilau. Tena akasema yeye mwenyewe atapanda mbele pamoja na dereva, kama alivyokuwa akipandishwa utotoni.

"Kuna madereva wangapi Mtama hii?" Yustina aliuliza. "Mwachie mwingine."

"Lile halina anayeliweza. Gia zake hazikubali mtu wa magari ya sasa."

"Basi libaki ghalani."

"Mama Romana, nimelisukuma lile lori kwenye tope kabla sijakuoa. Niache nilifikishe. Mara moja tu, halafu funguo narudisha."

Yustina alirudi kwenye ungo wake, akaukung'uta. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema bila kumtazama. "Mimi sitakusemea kwa watu, wewe ni mume wangu. Lakini ukimgonga mtoto wa mtu barabarani, usije ukaniambia kwamba nilinyamaza. Leo nimesema."

Siku ilifika ikiwa kavu na nyeupe. Magari mengine ya zamu yalikuwa yamekwisha pelekwa katika siku zilizotangulia, asubuhi mapema wakati barabara haina watu, na Bonaventura alikuwa ameyaendesha kwa mwendo wa harusi, akigeuza shingo huku na huku mpaka usiku ikamuuma. Yalifika. Jambo hilo lilimpa moyo. Lakini Bedford lilikataa kuwaka asubuhi, Idd akalifungua na kulifunga, na lilipokubali watu walikuwa wamekwisha toka kuswali adhuhuri. Kule Mitwero wageni walikuwa wanaanza kufika.

Warda alipanda upande wa kushoto, amevaa baibui jeusi na viatu vipya, akakaa juu ya kile kiti kilichoshonwa upya, akaweka viganja vyote viwili kwenye dashibodi.

"Shikamoo, baba Bona."

"Marahaba, mwanangu. Umejishika vizuri?"

"Nimejishika. Twende, kwa jina la Mungu."

Idd alitangulia na pikapu, akiwasha taa za dharura ili watu wapishe. Bedford likatoka. Kwa muda mfupi Bonaventura alikuwa mtu mwenye raha. Miguu yake ilijua klachi ile, kiganja kilijua mahali gia inapogoma na mahali inapolainika. Walivuka sokoni Mtama watu wakipiga vigelegele. Upande wa kulia aliona nyuso, mikono, kanga, mtoto aliyebebwa mabegani. Upande wa kushoto alimwona Warda, na nyuma ya Warda hakuona kitu. Haikuwa giza. Giza angelitambua. Ilikuwa kama vile dunia upande ule inaishia begani kwa Warda.

Warda alizungumza. Alisimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kuhesabu kwa magunia, jinsi alivyotapika njia nzima mara ya kwanza. Bonaventura aliitikia "naam", "ndiyo", akigeuza shingo kila mara. Alipogeuza kushoto, kulia kulipotea. Aliporudi kulia, kushoto kulikuwa kumeshabadilika bila yeye kuona.

"Mbuzi," alisema Warda katikati ya maneno yake.

Alikanyaga breki kabla hajajua mbuzi yuko wapi. Akatokea mbele ya boneti, mweupe, bila haraka, akavuka.

"Nimemwona," alisema Bonaventura.

Warda aliendelea na hadithi yake, ila polepole zaidi. Nje ya Mtama barabara ilinyooka, mashamba ya mikorosho huku na huku, na magari yaliyokuwa nyuma yakaanza kuwapita yakipiga honi za furaha. Bonaventura alivuta lori kushoto kuyapisha. Hapo hapo kitu kikagonga kioo cha pembeni, kikakikunja hadi kwenye mlango, na sauti ya mtu ikapiga kelele nyuma yao. Warda alitoa kichwa nje.

"Mwenye baiskeli," alisema aliporudisha kichwa. "Ana magunia ya mkaa. Hakuanguka. Mguu ameuweka chini, hakuanguka."

"Hawa wa mkaa hawaachi njia," alisema Bonaventura, na akasikia sauti yake mwenyewe ikiwa nyembamba.

Injini ilinguruma. Warda alikuwa ameacha kutazama barabara, akawa anamtazama yeye ubavuni, naye alijua.

"Baba Bona," alisema, kwa utaratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Ule mnazi uliokatika kichwa, pale kushoto. Unauona?"

Angeweza kugeuza shingo. Lakini alihisi kwamba akigeuza atakuwa amejibu.

"Nauona."

"Hakuna mnazi, baba. Ni shamba la muhogo tu."

Akashika gia. Hakuibadilisha, aliishika tu.

"Simamisha gari."

"Hapa pembeni ni bondeni, tutapinduka. Mbele kuna pa kuegesha."

Mahali pa kuegesha pakaja, pana, pamechongwa na magreda, hata yeye alipaona kwa sababu palikuwa pande zote mbili za barabara. Akapapita. Hakujua kwa nini miguu yake haikufanya kitu. Mawazoni mwake kulikuwa na ukumbi wa Mitwero, wale wazee wamekaa kwenye viti vyeupe, mlango mkubwa uko wazi na mahali pa Bedford pamefagiliwa. Mnazi Mmoja haikuwa mbali. Baada ya Mnazi Mmoja, Mingoyo. Baada ya Mingoyo ni kama umefika.

"Umepita," alisema Warda.

"Tunafika, mwanangu. Tunafika sasa hivi."

Hakupiga kelele. Alikaza mikono kwenye dashibodi, akasogea mbele ya kiti, akaanza kumtajia. "Mwanamke, ana ndoo. Amesimama. Pikipiki imeegeshwa. Mzee anatembea, mgongo kwetu. Ng'ombe, wako mbali. Pikipiki nyingine, hii inakuja." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka lakini haikukatika, na Bonaventura aliifuata. Aliyumbisha lori kidogo kulia, akalirudisha. Wakaenda hivyo kipande kirefu, hakuna aliyemtazama mwenzake, na kila kitu alichokitaja kilikwenda kukaa mahali pake katika ule utupu kama kilichochorwa.

Kisha Warda akanyamaza. Alikuwa ameingiza mkono mkobani kutafuta simu, amwambie Idd asimame mbele akinge njia. Macho yake yalishuka kwenye simu, akatafuta jina.

Na Bonaventura akasikia watoto.

Walikuwa wengi. Alisikia vicheko, mtu akiitwa jina, ndala zikipigapiga lami, sauti ile ya shule ikitoka mchana. Zilikuwa karibu, upande wa kushoto, karibu kuliko Warda. Alitazama. Alimwona Warda ameinama, akaona ukingo wa dirisha, na baada ya hapo hapakuwa na mtu hata mmoja. Sauti zile hazikuwa na wenyewe.

Alikanyaga breki na klachi kwa miguu yote miwili, akasimama juu yake. Bedford lilipiga yowe, likaburuta, bodi tupu nyuma ikaruka na kutua. Paji la uso wa Warda lilikwenda kugonga mkono wake mwenyewe. Lori likasimama katikati ya barabara, injini ingali hai.

Hapo ndipo walipoanza kutokea. Alimwona wa kwanza akiingia mbele ya boneti kutoka mahali pasipokuwa na kitu, msichana mwenye hijabu nyeupe, mkono umemshika mdogo wake. Halafu wawili wanakimbizana. Halafu mvulana anayetembea kinyumenyume akizungumza na wenzake ambao bado hawakuwapo, na wenzake nao wakawapo. Wakawa wanakuja, mmoja baada ya mwingine, wakivuka kwenda kulia. Mvulana mmoja alipiga bampa kwa kiganja, akacheka, akapita. Bonaventura alikaa ameshika usukani, akiwatazama wanavyozaliwa mbele yake, na hakuweza kujua wamebaki wangapi.

Akavuta hendibreki. Akazima injini. Alijua huenda isiwake tena. Akautoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi mbele ya Warda.

"Sioni upande huo," alisema. "Sioni kabisa."

Warda alifungua mlango, akashuka, viatu vyake vipya vikazama kwenye mchanga wa pembeni. Alikwenda hadi kwenye ukingo wa shamba, akasimama, amewapa mgongo. Watoto walikuwa wamelizunguka lori, wakiulizana ni la mwaka gani. Idd aliona kwenye kioo kwamba hawamfuati, akageuza pikapu.

Warda aliporudi alisimama chini ya dirisha la dereva. Macho yalikuwa mekundu, lakini si ya huruma.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya masika."

"Mama Romana anajua?"

"Anajua."

Akamgeukia Idd aliyekuwa amefika na kusimama. "Na wewe?"

Idd alitazama chini. "Nilishuku, Bi Warda."

"Kwa hiyo ni mimi peke yangu. Mimi niliyekaa humu." Alipumua. "Baba alikuamini na mali yake miaka yote. Mimi nimekuamini na roho yangu, baba Bona. Na za hawa pia." Hakuonyesha watoto kwa kidole. Hakukuwa na haja.

"Ningekuambia baada ya leo."

"Baada ya leo kungekuwa na nini cha kuniambia?"

Bonaventura alishuka, akishikilia mlango, akazunguka mbele ya lori, akaparamia upande wa abiria. Warda alikwenda kupanda pikapu, akaiendesha mwenyewe. Idd akashika usukani wa Bedford. Liliwaka baada ya kubembelezwa sana. Gia ya kwanza iliingia, ya pili ikalia vibaya, na Idd akamtazama mzee, mzee akatazama dirishani, kule ambako hakuona kitu. Ilipolia tena, ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, "Klachi mara mbili. Iachie, halafu uikanyage tena." Hayo tu ndiyo maneno yaliyosemwa mpaka Lindi.

Walifika Mitwero jua limelala. Baadhi ya wazee walikuwa wamekwisha kula wakaaga. Waliobaki walisimama, wakapiga makofi, mmoja akaligusa lori ubavuni akasoma Fatiha kwa ajili ya rafiki yake. Warda alisema maneno machache kuhusu baba yake. Watu walitarajia amtaje dereva, wengine hata wakamgeukia, lakini hakumtaja. Bonaventura alikuwa amesimama nyuma karibu na mapipa ya maji, na mtu alipomletea sahani ya pilau aliipokea, akakaa nayo, ikapoa mikononi.

Nyumbani alimweleza Yustina yote bila kupunguza. Yustina alisikiliza hadi mwisho. Hakusema "nilikuambia". Aliuliza kama kuna mtoto aliyeguswa, na alipoambiwa hakuna, aliingia ndani akakaa kitandani kwa muda mrefu.

Warda hakupiga simu. Ufuta ukavunwa, ukauzwa, mikorosho ikaanza kutoa maua. Bonaventura alitia matone yake asubuhi na jioni, akilala chali uani, Yustina akimshikia kope. Alijifunza kutembea upande wa kushoto wa njia, ili watu wote wampite kulia. Kilichomuuma hakikuwa kazi. Kilichomuuma ni kwamba alipokuwa peke yake, hata mchana kweupe, alizisikia zile sauti, na alirudi kuhesabu kila kitu. Kama Warda asingenyamaza. Kama redio ingekuwapo garini. Kama lori lingekuwa na mzigo, lisingesimama pale.

Siku Warda alipokuja alikuja bila taarifa, na kikapu cha samaki wakavu kwa ajili ya Yustina. Alikaa kwenye mkeka. Waliulizana habari za nyumbani, za afya, za shamba. Kisha akasema alichokijia: wageni wengi wanaliulizia Bedford, na yeye hajui kuwaeleza kama anayelijua. Mzee angeweza kukaa pale ukumbini, kwenye kiti, awasimulie. Angelipwa.

"Mimi si gari, mwanangu," alisema Bonaventura. "Msiniweke zamu watu wanitazame."

Warda aliinamisha kichwa. Yustina aliinua mkono kutaka kusema, akauacha.

"Bado nina hasira na wewe," alisema Warda. "Nisikufiche. Naamka nayo."

"Una haki."

"Lakini lori linatakiwa lirudi Mtama zamu ikibadilika, na Idd anazisaga zile gia. Zitakwisha. Sina mwingine wa kumfundisha."

Mzee aliuliza watafundishana wapi. Warda akasema uwanjani, nyuma ya ukumbi, palipozungushiwa ukuta, asubuhi kabla hawajafungua, na yeye mwenyewe atasimama getini kuhakikisha hakuna anayeingia. Akasema tena, neno kwa neno, kwamba kwenye usukani mzee hatakaa, hata kulisogeza. Bonaventura akasema amesikia.

Akaenda. Walikuwa wawili ndani ya Bedford, wakizunguka ule uwanja kwa mwendo wa kobe, Idd akitoka jasho, lori likilia na kugoma. Mzee aliketi upande wa abiria. Kutoka pale, kila alichohitaji kukiona kilikuwa kulia kwake: goti la Idd, mguu kwenye klachi, mkono kwenye gia. Mwanzoni alikuwa akisema kabla ya kosa. Warda, kule getini, alimsikia akifoka, jambo ambalo hakuwahi kulisikia utotoni. Siku zilipokwenda akawa anasema baada ya kosa. Halafu ikaja asubuhi ambayo lori lilizunguka kutoka ya kwanza hadi ya tatu na kurudi, bila mlio, na Idd akageuka kumtazama asikie atasemaje.

"Tazama mbele," alisema Bonaventura.